Uji wa oti umekataa: kutafuta kosa kati ya gramu na kikombe

Saa moja asubuhi jirani yangu hapa Busia alibisha mlango, sufuria mkononi, ameishika kwa kitambaa. "Dada, samahani kwa kukuamsha. Hebu tazama. Nimefuata pakiti neno kwa neno na bado nimepata posho." Posho kwetu ni ugali, na sikuwa na la kubisha. Mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya sufuria, hakuna aliyeushika.

Nilimwuliza, "Ulipima na nini?" Oti alizipima kwa tampeko, lile kombe kubwa la kunywea. Maziwa aliyapima kwa jagi lenye mistari ya mililita. Nikajua kosa liko wapi kabla sijaonja.

Mimi hupika uji wa kuuza asubuhi, wa wimbi na wa oti, na malalamiko ya namna hii nimeyasikia mengi. Karibu yote yana chanzo kimoja: mtu ameanza na uzito akamalizia na ujazo, au ameanza na kikombe akamalizia na gramu, na hapo katikati hakubadilisha namba. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kufuata dalili. Tafuta inayofanana na sufuria yako.

Jambo moja kwanza. Gramu na mililita hulingana kwenye maji tu. Mililita 100 za maji ni gramu 100. Maziwa yanakaribia sana: nusu lita ina gramu 515 hivi. Lakini oti zimejaa hewa katikati ya punje. Mililita 240 za oti bapa, zile za kawaida za pakiti, huwa kati ya gramu 80 na 100. Mimi huchukua 90. Yaani oti zinajaza kikombe kizima na hazifiki hata nusu ya uzito wa maji ya kikombe hicho hicho.

Dalili: uji mzito kama posho

Hili ndilo lililompata jirani. Pakiti yake ilisema kikombe kimoja cha oti kwa mililita 480 za maziwa. Aliyeandika pakiti alikuwa na kikombe cha mililita 240 akilini. Tampeko aliyotumia jirani inashika nusu lita, kwa hiyo aliweka gramu zinazokaribia 190 mahali pa 90, huku maziwa yakibaki yale yale. Oti mara mbili, maziwa mara moja.

Neno "kikombe" ndilo linalotuponza. Vikombe vya mapishi vya Marekani ni mililita 237, nao kwenye vibandiko vya vyakula huhesabu 240. Australia hutumia 250. Japani ni 200. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinaweza kumaanisha nusu painti, ambayo ni mililita 284. Na sisi kabatini tuna kikombe cha chai cha wageni, kikombe cha plastiki cha watoto, na tampeko. Ukisoma "kikombe" bila kujua cha nani, unabahatisha.

Ila kuna siri inayookoa wengi bila wao kujua. Ukipima oti na maji kwa chombo kimoja, uwiano haupotei. Tampeko moja ya oti kwa tampeko mbili za maziwa ni sawa kabisa na kikombe kimoja kwa viwili, tofauti ni wingi wa uji tu. Msiba unaanza pale kimoja kinapopimwa kwa kikombe na kingine kwa mililita au gramu. Kwa hiyo maelezo yakiwa yote ni ya vikombe, shika chombo kimoja usikiache mpaka mwisho.

Kuurekebisha uji wa jirani hakukuwa kazi. Gramu 90 zilihitaji mililita 480, kwa hiyo gramu 190 zilihitaji takribani lita moja. Tukaongeza nusu lita, kidogo kidogo, moto ukiwa mdogo kwenye sigiri, huku tukivunja mabonge kwa mgongo wa mwiko. Watoto wake walikunywa, na wangu wakanywa.

Kabla hujalaumu kipimo, angalia pia uji wenyewe ulikusudiwa kuliwa vipi. Pakiti nyingi zinatoka kwa watu wanaokula uji wa oti kwa kijiko kwenye bakuli. Maelezo ya Uingereza huwa gramu 40 kwa mililita 300 hivi, na uji huo ni wa kijiko. Sisi tunakunywa uji kwenye kikombe, unapaswa kutelemka. Wateja wangu mimi huwapa uwiano wa kikombe kimoja cha oti kwa vinne vya maji na maziwa, na hakuna aliyewahi kuurudisha. Ukifuata pakiti sawasawa ukapata uji mzito, huenda hujakosea popote.

Dalili: uji ni maji matupu, punje zinaelea

Chanzo cha kwanza: ulisoma gramu ukapima mililita. Maelezo yanataka gramu 200, huna mizani, unachukua jagi na kujaza oti mpaka mstari wa 200. Umepata gramu 75. Hilo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya ulichoambiwa. Jagi lilisema kweli, ila uliliuliza swali la maji.

Majagi mengine yana mistari ya pembeni iliyoandikwa "unga" au "sukari" kwa gramu. Usipime oti kwenye mstari wa sukari. Sukari ni nzito, mililita 240 zake zina gramu 200.

Chanzo cha pili ni aunsi, na hiki hakionekani kirahisi. Kuna aunsi ya uzito, gramu 28 na nukta, na kuna aunsi ya ujazo ambayo Marekani ni mililita 29 na nusu hivi. Jina moja, vitu viwili. Kikombe cha Marekani kina aunsi 8 za ujazo, kwa hiyo mtu akiona "aunsi 8 za oti" anachota kikombe kimoja na kuendelea. Lakini aunsi 8 za uzito ni gramu 227, na hizo ni vikombe viwili na nusu. Wazee waliopima kwa wakia na ratili hawakuwa na tatizo hili, kwa sababu wakia ilikuwa ya mizani na kibaba kilikuwa cha kujaza, kila kimoja na jina lake. Kanuni yangu: aunsi ikitajwa pamoja na kitu kikavu, naichukulia ni ya uzito mpaka nipate sababu ya kufikiri vingine.

Dalili: kikombe kile kile, pakiti ile ile, lakini leo mzito kesho mwepesi

Hapa tatizo ni mkono.

Kiswahili kina maneno mawili mazuri ambayo tumeyasahau jikoni. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu juu. Kibaba cha mfuto ni kile kilichokatwa sawa na ukingo. Maelezo ya mapishi yanamaanisha mfuto, hata yasiposema. Nilijaribu siku moja kwa kikombe changu cha bluu, kinachoshika mililita 300. Cha mfuto kilitoka na gramu 111. Cha tele, kichuguu cha kawaida tu ambacho mtu yeyote angekiita kikombe kimoja, kilifika 140. Halafu nikachota kwa kuzamisha kikombe ndani ya kopo na kukigongesha mezani mara tatu ili punje zikae. Nikakata mfuto. Gramu 126.

Basi fanya hivi: mimina oti kutoka kwenye pakiti au kwa kijiko mpaka kikombe kijae na kuzidi kidogo, usitikise, usigonge, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo. Kila siku hivyo hivyo. Mfuto wenyewe ni muhimu kuliko namba.

Angalia pia uko wapi ndani ya pakiti. Juu kuna punje nzima zenye hewa nyingi. Chini kumejaa vumbi na vipande vilivyovunjika kwenye bodaboda na kwenye rafu, na vipande hivyo hukaa vikibanana. Kikombe cha mwisho cha pakiti ni kizito kuliko cha kwanza na hufanya uji wa kuvutika. Ukifungua pakiti, mwaga zote kwenye kopo lenye kifuniko, changanya kwa mkono mkavu, tatizo linapungua. Kifuniko kinasaidia pia msimu wa mvua, kwa kuwa oti hunywa unyevu wa hewa na kuongezeka uzito kidogo. Lakini kidogo sana, usiwe na wasiwasi nao.

Kutafuta namba yako mwenyewe

Majedwali ya kubadilisha kikombe kuwa gramu yako kila mahali na hayakubaliani, moja linasema 80, jingine 85, jingine 100. Yote yanaweza kuwa sahihi kwa kikombe cha aliyeyaandika na oti alizokuwa nazo. Niliacha kuyatumia. Ninachotumia ni namba ya kikombe changu na oti ninazonunua, na kuipata hakuhitaji mizani.

Nunua pakiti mpya ambayo haijafunguliwa, ya gramu 500. Uzito tayari umeandikwa juu yake, kwa hiyo kazi ya mizani imeshafanywa. Chota mfuto, mwaga kwenye beseni, hesabu. Mimi nilipata vikombe vinne na nusu vya bluu. Gawa 500 kwa nne na nusu, unapata 111. Hiyo ndiyo namba yangu. Nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha kopo.

Sasa kila kitu ni kuzidisha na kugawa. Mapishi yanataka gramu 250? Gawa kwa 111, ni vikombe viwili na robo. Mapishi ya Marekani yanataka kikombe kimoja chao, yaani gramu 90? Ni robo tatu ya kikombe changu na kidogo juu yake.

Ujazo wa kikombe nao upime, mara moja tu, kwa chupa za maji ya kunywa za nusu lita. Tumia ambazo ndiyo kwanza unazifungua, kwa sababu ukijaza chupa mwenyewe mpaka mdomoni inazidi nusu lita. Chupa tatu, yaani mililita 1,500, zilinijazia vikombe vitano kamili. Mililita 300 kila kimoja. Nilipojua hilo, hata jagi sikulihitaji tena.

Vijiko? Kijiko kikubwa cha kupimia ni mililita 15 na hubeba gramu 5 au 6 za oti bapa. Cha Australia ni mililita 20. Vile vya kulia vilivyo kwenye droo yako vina ukubwa wowote vinavyotaka, na oti hupenda kufanya kichuguu juu ya kijiko. Kwa zaidi ya vijiko vitatu, rudi kwenye kikombe.

Dalili: kipimo ni kile kile, oti ni mpya, uji umebadilika kabisa

Soma tena pakiti. Oti bapa na oti za papo hapo zinakaribiana kwa uzito wa kikombe, ingawa za papo hapo ni vipande vidogo na huvuta maji haraka, kwa hiyo uji unaonekana mzito mapema. Oti za kukatwa ni habari nyingine. Zile hazijabanwa, ni punje iliyokatwa vipande vigumu, hakuna hewa katikati. Mililita 240 zake zina gramu 160 na zaidi, karibu mara mbili ya oti bapa. Ukibadilisha aina, badilisha kwa gramu. Ukibadilisha kikombe kwa kikombe umeongeza oti karibu mara mbili, na zitakuhitaji dakika 25 mpaka 30 motoni.

Huku kwetu dakika hizo huongezeka. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93. Oti za kukatwa hukaa motoni zaidi, mvuke unaondoka zaidi, na mtu anadhani alikosea kupima maji. Funika sufuria nusu, weka maji ya moto pembeni ya kuongeza.

Na kuna kosa linalotokana na lugha yetu wenyewe. Kamusi na vibandiko vingi huita oti "shayiri". Shayiri ni nafaka nyingine. Dada mmoja alinipigia simu kutoka Jinja akilalamika kwamba "shayiri" yake imechemka saa nzima na bado inatafunika kama mchele mbichi. Alikuwa amenunua shayiri ya kweli, iliyokobolewa, punje nyeupe za mviringo. Mililita 240 za shayiri hiyo zina gramu 200 hivi, na hakuna kipimo kitakachoigeuza kuwa uji wa oti. Ipikie supu. Dukani, fungua macho: oti bapa ni kama visahani vidogo vyembamba.

Dalili: mizani inasema moja, kikombe kinasema jingine

Mizani ya kidijitali ya jikoni ina kitufe kidogo cha kubadilisha vipimo, na mtoto akikigusa huwezi kujua. Tazama herufi pembeni ya namba. Ikiwa ni "ml", mizani inadhani umeweka maji, inageuza gramu kuwa mililita moja kwa moja. Namba hiyo kwa oti haina maana kama ujazo, kwa hiyo ukiona 90 usidhani umepata mililita 90 za oti. Ikiwa ni "oz", namba 3 ni gramu 85.

Kisha ni chombo. Weka kikombe kitupu, bonyeza kitufe cha sifuri, subiri sifuri itokee, ndipo umimine. Betri ikiwa inakaribia kufa, namba hucheza na kurudi nyuma. Mizani ikiwa juu ya kitambaa au meza inayoyumba, vile vile. Kuijaribu ni rahisi: weka chombo, ifanye sifuri, mimina chupa moja ya maji ya nusu lita. Inapaswa kusoma karibu na 500. Ikisoma 460, sio oti zako zenye kosa.

Mizani ya dukani ni nzuri kwa kilo, sio kwa gramu 40. Mshale wake hauwezi kuona tofauti ndogo kiasi hicho. Mizani za biashara huhakikiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, na ninapenda kuona alama yao kabla ya kununua oti za kupimiwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Zikishafika nyumbani, mimi huhesabu vikombe. Kilo inapaswa kunipa vikombe tisa vya bluu. Nikipata vinane, narudi na kaveera yangu na tabasamu.

Kwa anayeuza kama mimi, hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha faida. Vikombe tisa vya oti, kila kimoja na vinne vya maji na maziwa, ni vikombe 36 vya uji kwa kilo, mvuke ukipunguza na oti zikiongeza, vinakaribia kufidiana.

Dalili: nimechanganya na wimbi nusu kwa nusu, ladha ya oti imepotea

Nusu kwa nusu ya nini? Unga wa wimbi umebanana kuliko oti. Kikombe changu cha mililita 300 hubeba gramu 150 za unga wa wimbi na 111 za oti. Ukichanganya kikombe kwa kikombe, wimbi ni gramu 57 katika kila 100 za mchanganyiko, na wimbi halijifichi. Ukitaka nusu ya kweli kwa uzito, weka kikombe kimoja cha wimbi na kimoja na theluthi cha oti.

Ukisaga oti ziwe unga, pima kabla ya kusaga ikiwa mapishi yanasema oti, baada ya kusaga ikiwa yanasema unga wa oti. Kikombe cha oti bapa kikisagwa hushuka kuwa robo tatu hivi. Gramu hazipungui, isipokuwa zile zilizoruka usoni mwako ulipofungua mashine.

Dalili: napima gramu 40 kama nilivyoambiwa, na nashinda njaa

Hii ilikuwa ya mjomba wangu. Aliambiwa ale gramu 40 za oti asubuhi, akanunua mizani, na kwa wiki nzima alikuwa mkali kwa kila mtu mwenye nyumba ile. Nilipokwenda kumsalimia nikamkuta mezani. Alikuwa ameweka bakuli juu ya mizani, ameifanya sifuri, na anachota uji ulioiva kutoka kwenye sufuria. Kijiko kimoja. Cha pili. Nusu ya tatu. Mizani ikasoma 40, akaweka kijiko chini.

"Shikamoo mjomba. Hizo 40 ni za oti kavu. Zikishapikwa na maziwa zinafika gramu 300."

Alinitazama, akaitazama mizani, akaivuta sufuria nzima karibu yake.